Ukuta wa nyuma ya jiko

Ukuta ninaoulizwa kila siku uko nyuma ya jiko letu, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, upande unaotazama mwembe. Ni hatua zangu saba kwa urefu, na nikinyoosha mkono nagusa karibu na bati. Tofali zake ni za udongo wa kichuguu, kama za nyumba nyingi za Lubumbashi. Huku kwetu vichuguu vinapita vibanda kwa kimo, na mafundi tofali huvikata kidogo kidogo mpaka vinaisha. Miaka 14 tuliyokaa katika kiwanja hiki, hakuna aliyewahi kuutazama ukuta huo. Tulikuwa tunauegemeza ufagio na kuanika masufuria.

Tangu mwezi wa sita ninaupaka rangi usiku, kwa vidole, bila taa. Majirani wameuliza, walimu wenzangu wameuliza, dada yangu amepiga simu kutoka Likasi kuuliza kama niko mzima. Wengi wameuliza kwa upendo na ninawashukuru. Nimeona afadhali niandike mara moja, niseme yote.

Kifungua mimba wangu ana miaka 20. Alipomaliza sekondari alikaa nyumbani mwaka mzima, maana pesa ya chuo kikuu hatukuwa nayo, na kazi hakupata. Mwezi wa pili mwaka huu akaenda Kolwezi kuchimba madini, yeye na vijana wawili wa mtaa huu. Nilimfungia mikate na samaki wakavu, nikampa blanketi la kijani. Kutoka hapa hadi Kolwezi ni kilomita zaidi ya 300. Alikuwa amewahi kwenda mara moja, wiki tatu tu, akarudi salama, kwa hiyo moyo wangu haukukataa sana.

Alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu aliniuliza kama sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, bado ina chumvi nyingi, tukacheka. Akasema kuna shimo jipya, wanashuka kwa zamu, atapiga wiki ijayo. Hakupiga. Namba yake haipatikani mpaka leo. Vijana wale wawili walirudi mwezi wa nne, wakasema walikuwa wametengana naye kabla ya Pasaka.

Baba watoto amekwenda Kolwezi mara mbili na picha yake mfukoni. Mtu mmoja alisema amemwona sokoni. Mwingine alisema kundi lake lilihamia upande wa Fungurume. Mwingine akasema amevuka mpaka, yuko Zambia. Hospitali hayumo, gerezani hayumo, mochari hayumo. Safari ya pili baba watoto alirudi na koti lake tu, lililokuwa limeachwa kwa mama mmoja anayeuza bukari (ugali) karibu na machimbo. Mama yule alikuwa amelifua na kulikunja. Nilimlilia mama yule kwa shukrani kana kwamba amenirudishia mtoto.

Mtu akifa, kuna kilio. Watu wanakuja, mkeka unatandikwa, moto unawashwa uani, wanawake wanapika katika masufuria makubwa, wanaume wanakaa mpaka asubuhi, na wewe mwenye msiba unaruhusiwa kulia hadi sauti ikauke. Mtu asiyejulikana aliko hana kilio. Ukilia, unaambiwa unamtabiria mabaya. Ukicheka darasani na watoto wa mwaka wa tatu, unajiuliza unacheka nini. Mpaka leo ninapopakua chakula mkono wangu unachukua sahani saba, kisha unarudisha moja, na kila usiku ninauona ukirudisha.

Na sala ikakauka. Hili ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu mimi ni mtoto wa watu wa sala. Mama yangu alikuwa wa Jamaa, ile jumuiya ya Wakatoliki iliyoanzia Kolwezi miaka ya 1950 kwa Padri Placide Tempels. Nyumbani kwetu tulilelewa na maneno yao matatu, uzima, uzazi, mapendo, kama wengine wanavyolelewa na hadithi za sungura. Basi mimi, mtoto wa mama huyo, nilikuwa ninapiga magoti, ninaanza Baba Yetu, ninafika kwenye “utakalo lifanyike”, na hapo mdomo unakataa. Sikuweza kulisema. Niliogopa alitakalo. Niliogopa kwamba nikisema amina nitakuwa nimetia sahihi.

Mwezi wa tano nilifanya jambo ambalo ninalijutia. Nilikwenda kwa mtu wa maombi ambaye watu walisema anaona. Alifumba macho, akasema kijana yuko hai, yuko Zambia, ana mwanamke. Akataka pesa ya kumfungulia njia, nikatoa. Wiki mbili baadaye mwanamke mwingine, wa kanisa jingine, akaniambia bila kuulizwa kwamba mwanangu yuko chini ya ardhi na anadai misa. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, nikipita kando ya reli, na nilikuwa na hasira ambayo sikuijua. Wote wawili walisema “Bwana ameniambia”, na kila mmoja alikuwa na jambo lake. Nawaambia kina mama wenzangu mnaosubiri: anayewauzia uhakika wa mtoto wenu, msimpe hata franka moja. Mungu hajaniambia mwanangu yuko wapi. Kama angetaka kuniambia, mlango wangu anaujua.

Sasa ukuta.

Kambo wangu (ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu) alikuwa Mlamba, na kijiji chake hakiko mbali na Makwacha. Kama hujawahi kufika Makwacha, ni kijiji upande wa mpaka wa Zambia ambacho wanawake wake hupaka kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi rangi kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, kisha mvua zinafuta, na mwaka unaofuata wanapaka upya. Nilipokuwa mtoto nilimwona kambo akifanya hivyo. Alikuwa anakwenda kuchimba udongo mwenyewe, kila rangi na shimo lake, akichanganya na maji katika vibuyu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuokota mawe madogo ndani ya udongo. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua, na mvua itafuta. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini tunakula na kesho tutasikia njaa tena.

Mwezi wa sita umeme ulianza kukatika vibaya mtaani kwetu. Ulikatika saa kumi na mbili jioni, ukarudi saa nane au saa tisa usiku, au haukurudi. (Ninapofikiria umeme huwa ninafikiria ile laini ndefu inayotoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, inavyopita juu ya vijiji ambavyo havina hata balbu moja. Vijiji vile vimelala gizani muda wote na waya unanguruma juu yao.) Mwezi wa sita usiku huku ni baridi kali. Nilikuwa silali. Nikiwasha mshumaa ninamwamsha baba watoto, naye alikuwa amechoka kuliko mimi. Nikawa ninatoka, ninajifunga blanketi, ninakaa jikoni karibu na mbabula ambayo bado ina makaa.

Usiku mmoja makaa yalizimika. Giza lilikuwa la kweli, mwezi haukuwepo, mwembe haukuonekana, mkono wangu mwenyewe sikuuona. Nilitoka nje kwa kupapasa ukuta, na kiganja changu kikapita juu ya tofali ile ya kichuguu, baridi, yenye chenga, na mwili wangu ukamkumbuka kambo kabla akili haijamkumbuka. Nilikuwa na ndoo ya udongo mwekundu pale, tulikuwa tunaziba ufa wa choo. Ulikuwa umelowa bado. Nikatia mkono, nikapaka.

Sikufikiria sanaa. Nilivuta vidole vinne kutoka juu mpaka kiunoni, nikasogea, nikavuta tena. Udongo ulikuwa wa baridi mpaka mifupa inauma. Nilipofika kwenye mwembe nilikuwa ninalia kwa sauti, na hakuna jirani aliyetoka. Na hapo, sijui niliseme vipi, nilijua sikuwa peke yangu. Hakuna sauti iliyosema. Hakuna mwanga. Ilikuwa kama unapolala chumba kimoja na mtu, umeamka katikati ya usiku, humwoni, hapumui kwa nguvu, lakini unajua kitanda kina watu wawili. Niliingia ndani nikalala mpaka jogoo.

Asubuhi nilikwenda kuangalia. Ilikuwa ni matope ukutani, mistari iliyopinda. Baba watoto alitazama, hakusema neno, akaenda kazini. Jioni alirudi na pemba, vipande vitatu vya udongo mweupe, vile wanavyonunua wajawazito sokoni ili wale. Akaviweka mezani. “Kambo wako alikuwa anapaka na hii pia, sivyo?” Nikajua amenielewa.

Tangu hapo nina vyombo vitatu. Kopo la nyanya lina udongo mwekundu. Bakuli la bati lina pemba. Kopo la maziwa lina mkaa niliousaga na kuchekecha kwa kitambaa. Ninachanganya kila moja na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili rangi ishike. Gizani ninajua ninachokishika: mwekundu una mchanga, unakwaruza chini ya kucha. Pemba inateleza kama sabuni, na ukikauka kidoleni ngozi inavutwa. Mkaa una ncha ndogo ndogo hata ukisagwa namna gani, na hauchukui maji upesi, unaelea, mpaka uukande. Nilijaribu mara moja kupaka mchana, siku ya Jumamosi, nikataka kuchora sura yake, paji lake la uso na kovu la nyusi. Mkono ukawa mzito. Sura ikatoka ya mtu mwingine, nikaifuta haraka, nikaogopa kwamba nimeanza kumsahau. Sijarudia. Usiku sichori mtu. Ninavuta mistari kama matuta ya muhogo, ninaweka nukta kwa ncha ya kidole, ninazihesabu kama rozari: kumi, kisha moja peke yake, kisha kumi.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye ujanani alipata chakula chake kwa kupaka picha za ukumbini, Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na garimoshi na mafundi wa mgodini, akizichora juu ya magunia ya unga, alikuja kuuona ukuta. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama muda mrefu sana. Kisha akaniambia habari za Bela. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Watu wengi wanajua majina ya Pilipili Mulongoy, aliyechora samaki na ndege, na Mwenze Kibwanga wa mistari ile mifupi mifupi. Bela alikuwa pamoja nao, Msara aliyetoka mbali, Chadi, mtumishi wa nyumba ya Mfaransa huyo. Naye hakushika brashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi, akaweka alama moja baada ya nyingine mpaka mti ukajaa majani. Mzee alinyanyua kidole chake cha shahada akanionyesha, kidole kilichokunjamana, akigusa hewa, tu, tu, tu. “Kidole kinajua kitu ambacho brashi haikijui,” akasema, “kinajua kama ukuta unakukubali.” Neno hilo limekaa nami.

Niliyokuwa siwezi kuyasoma nikaanza kuyasoma tena, mchana, wakati wa mapumziko shuleni. Nilikwenda Zaburi ya 88 kwa sababu sista mmoja aliniambia ndiyo pekee isiyokuwa na mlango wa kutokea. Ni kweli. Zaburi nyingi, hata zile za kilio, zinageuka mwishoni, mtu anasifu. Hii haigeuki. Mtu analia usiku na asubuhi, anauliza kwa nini Mungu amemficha uso wake, na mstari wa mwisho unamwacha gizani. Ikaachwa hivyo hivyo katika Biblia, watu wanaisali hivyo hivyo mpaka leo. Nilipoimaliza nilikaa na kitabu mapajani, watoto wanapiga kelele uwanjani, nikahisi nimepewa ruhusa.

Halafu Kutoka 20. Nilikuwa nimeisoma mara mia kwa ajili ya zile amri kumi na sikuwahi kuendelea mpaka mstari wa 21, pale watu wanaposimama mbali kwa woga, naye Musa anakaribia lile giza kuu alimokuwa Mungu. Alimokuwa Mungu. Miaka yote nimefundisha watoto kwamba Mungu ni mwanga, na ni mwanga kweli, siwezi kukana. Lakini Musa alitembea akaingia mahali ambapo haoni miguu yake, na huko ndiko alikokuwa anangojwa. Ninaamini hivyo kwa moyo wangu wote kwa sababu nimepapasa huko. Mungu niliyemjua nikiwa na watoto watano mezani nilimjua kwa macho, nikihesabu baraka. Huyu wa sasa ninamjua kwa kiganja. Ni baridi mwanzoni, kama udongo. Kisha ana joto la mkono wako mwenyewe, na hujui tena lipi ni lako.

Kuna jiwe. Alipotoka Kolwezi safari ile ya kwanza aliniletea malakiti, nusu ya ngumi, iliyopasuka upande mmoja ikaonyesha zile duara zake, kijani cheusi, kijani cha majani machanga, cheusi tena, moja ndani ya nyingine. “Hii sikumuuzia mtu, mama,” alisema. Tangu mwezi wa tatu nililiweka chini ya mto. Mwezi wa nane, mistari ikiwa imefika karibu na mlango wa jiko, nikaona ukuta unataka kijani. Katika udongo wetu hakuna kijani. Nilibishana na nafsi yangu karibu wiki mbili. Kulivunja jiwe ilikuwa kama kukubali kwamba hataleta lingine. Kutolivunja ilikuwa kama kulinda kaburi ambalo halipo.

Nilivunja kona tu. Baba watoto alishika jiwe, mimi nikapiga kwa nyundo, mara mbili. Nikasaga kipande kile juu ya jiwe bapa, na maji, maana vumbi la mawe haya ya shaba si zuri kwa kifua. Nikajifunza jambo: malakiti ukiisaga sana inapauka. Chembe zikiwa kubwa, kijani kinabaki kizito; ukizidi kulainisha, kinakwenda kuwa kama maziwa yaliyoguswa na majani. Nilisaga kidogo nikaacha, nikaosha, nikangoja chembe zishuke chini ya bakuli, nikamwaga maji ya juu. Kazi ya saa tatu ilinipa kijiko kimoja. Wadogo zake walikuwa wamesimama kunizunguka, wote wanne, hakuna aliyesema kitu. Usiku ule, umeme ulipokatika, niliwaita. Nikamshika kila mmoja kidole, nikakichovya, tukaweka nukta kwenye ukuta kando ya mlango, chini kidogo, kwenye kimo cha nyonga, pale ambapo kaka yao alikuwa anaegemea akisubiri chakula. Kitinda mimba, ana miaka sita, akauliza, “Tunamwona Mungu sasa?” Nikamjibu hapana, lakini atuone yeye. Akachovya tena bila kushikwa.

Mvua ya kwanza ilikuja Oktoba, Jumanne usiku, na upepo ukaileta moja kwa moja upande wa mwembe. Nilisikia bati linapigwa nikajua. Nililala nikisikiliza ukuta wangu unakwenda. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, na sikuumia kama nilivyotarajia. Nilimfikiria kambo na vibuyu vyake. Karibu na alfajiri mvua ikapungua, umeme haukuwepo bado, nikatoka na kanga kichwani. Nilianza kona ya choo, nikapeleka kiganja polepole. Pemba imekwenda yote. Mkaa sijui, mkaa hauna alama mkononi ukiloa. Lakini mifereji ya vidole vyangu ilikuwa imo, mle nilimovuta udongo mwekundu nene zile siku za baridi, minne minne, kutoka juu mpaka kiunoni. Nikaifuata yote mpaka mlangoni. Pale chini nukta zilikuwa bado zinakwaruza kidogo, chembe za jiwe zimeshikwa na uji wa muhogo katika matundu ya tofali. Nikaweka vidole vyangu juu yake nikasimama, maji yakinidondokea kutoka batini, nikaanza Baba Yetu. Nilifika pale penye neno lile. Nilikaa hapo muda mrefu. Sijui kama nililisema au nililigusa tu.

Mpaka ninapoandika hapa hakuna habari mpya. Kila jioni umeme ukiwepo ninachaji simu, ninapiga namba yake, ninasikiliza ile sauti ya mashine mpaka mwisho, kisha ninaweka simu chini. Kama umemwona kijana mrefu mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto na blanketi la kijani, mwambie mama yake hajahama. Jana mvua ilikuwa imetulia, nikamtuma mdogo wake na ndoo kwenye kichuguu cha nyuma ya shule. Udongo umelowekwa tangu asubuhi, na jua limeanza kushuka.